Kivu: Watoto wa masomo ya bure wamefika mwaka wa sita. Je, wanajua kusoma?

Goma na Bukavu – Katika Swahili ya huku kwetu, neno moja linabeba mambo mawili. Mzazi akisema "mtoto wangu anasoma", anataka kusema kwamba mtoto anaenda shuleni. Hasemi kwamba mtoto huyo akipewa kitabu anaweza kukifungua, kusoma ukurasa mmoja na kueleza kilichoandikwa ndani. Zamani watu wengi walidhani mambo hayo mawili yanatembea pamoja. Leo, katika shule nyingi za msingi za serikali, yameanza kuachana.

Wanaoonyesha hali hiyo kuliko wengine ni watoto walioingia mwaka wa kwanza tarehe 2 Septemba 2019. Siku hiyo ndipo serikali ya rais Félix Tshisekedi ilianza kutumia masomo ya bure katika shule za msingi za serikali nchini kote. Mtoto aliyekuwa na miaka 6 siku hiyo, kama hakurudia darasa hata mara moja, alifika mwaka wa sita katika mwaka wa masomo 2024-2025. Ni kizazi cha kwanza kilichosoma shule ya msingi yote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila mzazi kuombwa minervali wala prime ya mwalimu. Matokeo ya kizazi hicho ndiyo yanaweza kusema kama ahadi ya mwaka 2019 imetimia.

Ahadi iliyochelewa

Masomo ya bure hayakuzaliwa mwaka 2019. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serikali. Mwaka 2010, wakati wa rais Joseph Kabila, ilitangazwa kwamba ubure huo utaanza hatua kwa hatua, kuanzia madarasa ya chini. Lakini wazazi waliendelea kulipa. Sheria ya mwaka 2014 juu ya masomo ya taifa ilirudilia jambo lile lile, na bado wazazi waliendelea kulipa.

Kila mtu wa Goma, Bukavu, Butembo au Uvira mwenye umri wa kutosha anakumbuka namna ilivyokuwa. Tangu miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kulipa walimu, wazazi walikubali kutoa prime ili shule zisifunge. Jambo lililoanza kama msaada wa muda likageuka desturi ya karibu miaka 30. Mtoto ambaye hakulipa alifukuzwa asubuhi mbele ya wenzake, akarudi nyumbani na kikapu chake. Familia yenye watoto watano ilichagua nani asome mwaka huu na nani angojee, na mara nyingi aliyengojea alikuwa msichana.

Kwa hiyo mlango ulipofunguliwa, watoto waliingia kwa wingi. Serikali imesema mara nyingi kwamba zaidi ya watoto milioni 4 walirudi shuleni ama waliingia kwa mara ya kwanza. Mwezi Juni 2020, Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 kusaidia mpango huo katika majimbo kumi, kupitia mradi unaoitwa PERSE. Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini ni kati ya majimbo hayo.

Miaka sita ya kukatwa-katwa

Tatizo ni kwamba kizazi hicho hakikupata hata miaka miwili ya utulivu inayofuatana.

Kilikuwa bado mwaka wa kwanza wakati ugonjwa wa Covid-19 ulipofunga shule zote mwezi Machi 2020. Mwezi Agosti, ni madarasa ya mwisho tu yaliyorudi kumaliza mwaka. Watoto wa mwaka wa kwanza, ambao ndio walikuwa wanajifunza kuunganisha herufi, walibaki nyumbani hadi Oktoba. Waliporudi, shule zikafungwa tena tarehe 18 Desemba 2020, na zikafunguliwa tarehe 22 Februari 2021.

Miezi mitatu baadaye, jioni ya tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipasuka. Lava ilifunika mitaa na shule kaskazini mwa Goma, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya watu wa mji walikimbilia Sake, Minova, Bukavu na Rwanda. Mwezi Oktoba mwaka huo, shule zilipofungua milango, walimu wengi wa shule za wakatoliki walikuwa katika mgomo juu ya mishahara.

Halafu vita. Mwezi Juni 2022, Bunagana iliangukia mikononi mwa M23. Mwisho wa mwaka huo, familia kutoka Rutshuru zilikuwa zimejaa Kanyaruchinya, kwenye mlango wa Goma. Mwanzoni mwa 2024, mapigano yalifika Sake, na wengine wengi wakaingia Bulengo, Lushagala na Mugunga. Septemba 2024, walimu wa majimbo mengi, pamoja na wa Kivu zote mbili, walianza mwaka kwa mgomo. Mwisho wa Januari 2025 M23 iliingia Goma, na katikati ya Februari ikaingia Bukavu. Wakati huo UNICEF ilitangaza kwamba zaidi ya shule na vituo vya masomo 2.500 vimefungwa katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, na kwamba watoto karibu 795.000 wamekosa masomo.

Hiyo ndiyo historia ya masomo ya mtoto wa mwaka wa sita. Anayetaka kupima namba zake katika buletini anapaswa kwanza kuhesabu siku alizokaa darasani kwa kweli.

Ubao wa biro ya direkta

Katika biro ya direkta wa shule ya msingi, karibu popote unapoingia Congo, kuna ubao au karatasi kubwa ukutani. Mistari inaonyesha madarasa, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa sita. Nguzo zinaonyesha wavulana, wasichana na jumla. Kila mwaka direkta anajaza pia fomu ya takwimu za serikali, ile inayojulikana kwa jina la ST2, ambayo inauliza umri wa watoto, waliorudia, mayatima, walemavu, wakimbizi na waliohama makwao kwa sababu ya vita.

Ubao huo unasema mengi kwa mtu anayejua kuusoma. Tuseme mwaka wa kwanza una watoto 150 na mwaka wa sita una watoto 45. Mgeni atasema shule inakua. Lakini swali la pili ni hili: watoto waliokuwa mwaka wa kwanza miaka mitano iliyopita wako wapi? Kama walikuwa 120 na wamebaki 45, basi kuna watoto 75 waliorudia, waliohama, ama walioacha. Shule haiwezi kujipongeza juu ya wale 45 bila kuuliza habari za wengine.

Kuna jambo lingine ambalo ubao unaonyesha, nalo ni umri. Sheria inasema mtoto anaanza akiwa na miaka 6. Lakini mwaka 2019 mlango ulifunguliwa kwa wote, na katika madarasa mengi ya kwanza waliingia watoto wa miaka 9, 10 na hata zaidi, ambao hawakuwahi kushika kalamu. Mtoto wa miaka 6 na msichana wa miaka 11 anayebeba mdogo wake mgongoni nyumbani hawajifunzi kwa namna moja. Mwalimu ni mmoja, ubao ni mmoja, somo ni moja.

Vita imeongeza mchanganyiko huo. Mtoto aliyetoka Masisi katikati ya mwaka anafika bila buletini, bila cheti cha kuzaliwa, na wakati mwingine bila mzazi. Direkta anampima kwa macho na kumweka katika darasa analodhani linamfaa. Baada ya miezi mitatu familia inahama tena. Kwa takwimu, mtoto huyo amehesabiwa mara mbili, katika shule mbili. Kwa masomo, huenda hakuhesabiwa hata mara moja.

Wakati huo huo, wengine wametoka. Katika miji kama Goma na Bukavu, wazazi wenye mshahara ama biashara walipoona madarasa yamejaa na migomo inarudi kila mwaka, walihamisha watoto wao katika shule za kibinafsi. Shule ya serikali imebaki na watoto wa mama muuza ndizi, wa motari, wa askari, wa mkulima aliyekimbia shamba lake. Hao ndio watoto ambao nyumbani hakuna kitabu, mara nyingi hakuna umeme, na hakuna mtu mwenye nafasi ya kuangalia kazi ya nyumbani. Ukilinganisha asilimia za shule hizo mbili bila kusema nani amekaa ndani, unalinganisha mifuko ya wazazi.

Sekunde 18 kwa kila mtoto

Hesabu moja inatosha kueleza uzito wa darasa lililojaa. Somo moja la shule ya msingi linachukua dakika 30. Katika darasa la watoto 100, kama mwalimu angetoa dakika zote hizo kwa kusikiliza watoto mmoja mmoja, bila kufundisha hata kidogo, kila mtoto angepata sekunde 18. Katika darasa la watoto 40, angepata sekunde 45.

Kusoma ni kazi inayohitaji kusikilizwa. Mtoto anasoma kwa sauti, anakosea, mwalimu anamsahihisha, anaanza tena. Bila hiyo, darasa zima linaimba silabi pamoja, na yule aliyekaa nyuma anafungua mdomo tu akifuata sauti za wenzake. Mtoto anaweza kuimba hivyo kwa miaka mitatu bila mtu kugundua kwamba hajui herufi.

Mwalimu mwenyewe yuko katika hali ngumu. Kuna walimu wanaoitwa N.U., yaani wale wa "nouvelles unités", wanaofundisha bila kuwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Kabla ya 2019 waliishi kwa prime ya wazazi. Prime ilipoondolewa, wengine waliingizwa katika orodha, wengine waliendelea kungojea. Hata walimu waliokuwa na mshahara, hasa wa mijini, walipoteza sehemu kubwa ya pesa walizokuwa wanapata kwa wazazi. Mabenki ya Goma yalipofunga milango mwezi Januari 2025, kupokea hata huo mshahara mdogo kukawa shida mpya. Mwalimu anayetoka shuleni na kwenda kuuza makala au kuendesha moto hana saa ya kusahihisha daftari 100.

Swahili ya kitabu, kifaransa cha mtihani

Sheria ya mwaka 2014 inasema kwamba katika madarasa ya chini mtoto afundishwe katika lugha ya taifa au lugha ya mahali anapoishi. Kwa Kivu, mara nyingi hiyo ni Swahili. Kifaransa kinafundishwa kama somo, halafu kinachukua nafasi kubwa zaidi kadiri mtoto anavyopanda, hadi kuwa lugha ya masomo yote. Mradi wa ACCELERE!, uliosaidiwa na Marekani na Uingereza, ulitoa vitabu vya kusoma katika Swahili, Lingala na Tshiluba.

Wataalamu wengi wanakubaliana juu ya jambo hilo: mtoto anajifunza kusoma haraka katika lugha anayoielewa. Akishajua kuunganisha herufi katika Swahili, atatumia ujuzi ule ule katika kifaransa.

Lakini darasani mambo si rahisi hivyo. Swahili ya kitabu si ile ya soko la Virunga wala ya Kadutu. Mtoto wa Bukavu ambaye nyumbani anasikia mashi, mtoto wa Beni anayesema kinande, mtoto wa Masisi anayesema kihunde au kinyarwanda, wote wanakutana na Swahili hiyo kama lugha ya pili. Wazazi nao, wengi, wanataka kifaransa tangu siku ya kwanza, kwa sababu wanaona ndiyo lugha ya kazi na ya diploma. Shule za kibinafsi zinajua hilo, na zinatangaza kifaransa tangu chekechea. Walimu wa shule za serikali wanabaki katikati: sheria inawavuta huku, wazazi wanawavuta kule. Mwishowe mtoto anafika mwaka wa tatu, lugha inabadilika, na bado hajashika vizuri hata ile ya kwanza.

Cheti kinasema nini

Mwisho wa mwaka wa sita kuna mtihani wa taifa, uliojulikana kwa miaka mingi kwa jina la TENAFEP na sasa unaitwa ENAFEP. Unauliza kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla. Kwa kawaida, sehemu kubwa ya watoto wanaufaulu, na shule nyingi zinatangaza asilimia za juu kwa furaha.

Vipimo vingine vinatoa picha tofauti. Mwaka 2019 Congo ilishiriki katika PASEC, kipimo kinacholinganisha shule za msingi za nchi zinazotumia kifaransa. Kilionyesha kwamba watoto wengi wa Congo wanaofika mwisho wa shule ya msingi hawana kiwango cha kutosha katika kusoma na katika hesabu. Benki ya Dunia, kwa upande wake, inakadiria kwamba watoto 97 kati ya 100 wenye miaka 10 nchini Congo hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mafupi. Hesabu hiyo inaingiza pia watoto wasio shuleni.

Namba hizo mbili zinaweza kusimama pamoja namna gani? Mtihani wa taifa unatoa cheti cha kupanda katika sekondari. Shule, wazazi, hata wakubwa wa masomo, wote wanapenda asilimia iwe juu, na hakuna anayepata faida akisema ukweli mchungu. PASEC haitoi cheti kwa mtu yeyote. Inauliza jambo moja tu: mtoto huyu anaweza nini?

Anayelipa tofauti hiyo ni mtoto. Mwaka wa saba unamkuta na vitabu vya biolojia, historia na hesabu, vyote kwa kifaransa, na hakuna mwalimu wa sekondari anayerudi kumfundisha kusoma. Zaidi ya hayo, ubure unaishia mwaka wa sita. Kuanzia mwaka wa saba mzazi analipa, na anaanza kulipa kwa ajili ya mtoto ambaye hafuati. Wengi wanaachia hapo.

Kenya ilipitia njia hii

Congo si nchi ya kwanza kuona madarasa yakijaa kwa siku moja. Kenya iliondoa malipo ya shule za msingi mwezi Januari 2003, na hesabu ya watoto ikapanda kutoka karibu milioni 5,9 hadi milioni 7,2 katika mwaka huo. Huko pia wazazi walilalamika juu ya mabenchi na walimu.

Kuanzia mwaka 2005, wataalamu wa uchumi walifuatilia zaidi ya shule 120 za magharibi mwa Kenya. Shule hizo zilipewa mwalimu mmoja wa ziada kwa mwaka wa kwanza, na darasa la watoto zaidi ya 80 likagawanywa mara mbili. Katika shule nusu, watoto waligawanywa bila kuangalia kiwango. Katika nusu nyingine, waligawanywa kulingana na wanachojua. Watoto wa kundi hili la pili walisonga mbele zaidi, hata wale waliokuwa wa chini kabisa, kwa sababu mwalimu aliweza kuanzia pale walipo badala ya kukimbiza programu.

Fundisho hilo linahusu Kivu moja kwa moja. Kujenga madarasa na kulipa walimu ni lazima, na hakuna njia ya mkato. Lakini hata kabla ya matofali kufika, shule inaweza kuchukua saa moja kila siku, kupanga watoto wa mwaka wa tatu hadi wa tano kulingana na kiwango cha kusoma, bila kujali umri, na kuwafundisha hapo walipo. Njia ya namna hiyo ilianzia India, na leo inatumiwa katika nchi kadhaa za Afrika, kama Zambia na Côte d'Ivoire.

Kwa watoto waliochelewa sana, Congo yenyewe ina chombo chake: vituo vya CRS, ambavyo vinafupisha miaka sita ya msingi kuwa miaka mitatu. Kijana wa miaka 12 asiyejua kusoma anapata nafasi nzuri zaidi huko kuliko kukaa mwaka wa kwanza kati ya watoto wa miaka 6. Wazazi wengi bado hawajui kwamba vituo hivyo vipo.

Mzazi aulize nini

Kila shule ya serikali ina kamati ya wazazi, COPA, na kamati ya usimamizi, COGES, ambamo wazazi wana wajumbe. Kwa miaka mingi mikutano yake ilizungumzia pesa: nani amelipa, nani hajalipa, prime ni ngapi. Tangu pesa hizo zifutwe kwa sheria, wazazi wengi hawaji tena, kama vile hakuna jambo lingine la kuzungumza.

Jambo lipo. Mzazi ana haki ya kuuliza watoto wangapi wako katika darasa la mtoto wake, walimu wangapi hawalipwi, pesa za uendeshaji kutoka serikalini zimefika au hapana, na wangapi wameacha shule tangu mwezi Septemba. Ana haki pia ya kukataa malipo yanayorudi kupitia dirisha kwa jina lingine.

Na nyumbani kuna kipimo kisichohitaji wizara. Chukua kitabu chochote cha Swahili, Biblia, Kurani iliyotafsiriwa, hata karatasi ya kliniki. Mpe mtoto wa mwaka wa nne asome mistari mitano kwa sauti, halafu mwulize amesoma nini. Akiweza kueleza, shule inafanya kazi yake. Akishindwa, nenda ukaonane na mwalimu kesho yake, kabla ya buletini kutoka, kwa sababu mwaka wa nne bado kuna muda. Mwaka wa sita, mbele ya karatasi ya mtihani, muda huo umekwisha.